Mrejesho: Babu alizaliwa lini?

Niliwauliza hapa nitajuaje mwaka aliozaliwa babu yangu Wanjala, mkanishauri nianze na cheti cha kifo. Nilikipata hapa Nakuru: umri wa kukadiria, na jina ni Wanjara badala ya Wanjala. Ndiyo maana nilizunguka sana!

Jibu lilitoka kwa shangazi, Bungoma. "Mwanangu, Wanjala ni mtoto wa njaa. Mwaka hatukuandika, lakini alitahiriwa Agosti ile kabla vita vya Hitler havijaanza." Vita hivyo vilianza 1939, na Wabukusu (jamii ya huko Bungoma) hutahiri miaka shufwa, kwa hiyo ni 1938. Tukiondoa miaka kumi na minne hivi, umri ninaokadiria alitahiriwa nao, tunafika 1924. Cheti kilinipa 1931, yaani atahiriwe na miaka saba? Haiwezekani.

Kesho naenda parokiani kuona kitabu cha ubatizo. Nitatafuta jina kwa R pia, yaani Wanjara.