Mke wangu kawa TEJA wa ukili na pusha ni mama mkwe, nimechoka!!

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnisamehe nikipayuka.

Huyu mwanamke nilimuoa mzima kabisa. Alikuwa anasukasuka kidogo ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu (ukindu) unaoshonwa kuwa mkeka, pale barazani akisubiri maharage yaive, nikaona ni starehe tu, kwao Mafia wanawake wanasuka toka wadogo. Saa hizi ni teja. Anaamka na ukili analala na ukili, kwenye daladala konda anadai nauli wala hamsikii, juzi msibani wenzake wanalia yeye kachomoa mzigo kwenye pochi anasuka huku machozi yanamtoka. Ukimuuliza, "namalizia hiki tu". Hakuna kumalizia wakuu, ukindu ukikaribia kuisha anachomekea mwingine ukili unasonga mbele, unaweza ukauzungushia nyumba na bado.

Mzigo unashuka na boti kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati, unapanda basi, unaingia Rangi Tatu huku Mbagala umefungwa kwenye kanga. Anayetuma ni mama mkwe, sasa mkwe utamfokea vipi? Ukichelewa kidogo tu ni arosto, mtu anazunguka ndani hatulii, mwisho anafumua mkeka mzima ulioisha ili aushone upya eti kili hazikukaa vizuri.

Jikoni ndo usiseme. Najua ukindu lazima uchemshwe na rangi, sawa, lakini kwa nini kwenye sufuria YA WALI? Jana nimekula wali wa zambarau naambiwa kula tu haidhuru. Usiku nageuka kitandani nachomwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, imesahaulika kwenye shuka!!

Mikeka imejaa mpaka juu ya kabati. Nikasema basi tuuze, plastiki imejaa mtaani ila wapo wanaojua kitu kizuri. Hataki. Huu wa harusi ya mdogo wake (hana hata mchumba), huu wa kuswalia, huu usiguswe. Nikifoka ananijibu "we unabeti kila Jumamosi mbona nanyamaza". Sasa kubeti kunaingiaje hapa??

Na leo nimemkuta binti yangu wa darasa la tatu kajificha uvunguni na vipande vinne vya ukindu anajaribu.

Kuna soba house ya mateja inapokea kesi hizi? Na mwenye ndugu pale Nyamisati amwambie konda wa basi la kesho asipokee kifurushi chochote cha kanga.