Zawadi za kila siku zimeharibu bei kwenye seva yangu ya Minecraft, nifanyeje?

mchimba_usiku

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi kweli. Nina seva ya Minecraft, survival ya kawaida (unachimba, unajenga, unatafuta vitu mwenyewe), tulianza watu saba washkaji wa mtaa mmoja, sasa hivi jioni tunafika arobaini hivi, wengi wako Dar na Arusha, wengine Mombasa. Sarafu tunatumia EssentialsX na Vault (programu za nyongeza za seva), kuna duka la admini linalonunua mazao na madini, halafu kuna mnada ambao wachezaji wanauziana wenyewe.

Mwanzoni almasi moja ilikuwa 100 pale mnadani. Mtu anachimba usiku kucha anapata zake ishirini anauza, anajenga, maisha yanaenda. Baadae nikaona watu wanapungua nikaweka zawadi ya kuingia kila siku, siku ya kwanza 500, ukifikisha siku saba mfululizo 5,000. Watu wakarudi. Nikaona imefanya kazi nikaongeza zawadi ya kura, tovuti tano, kila kura 1,000, maana kura ndo zinaipandisha seva kwenye orodha watu wapya waione. Leo almasi ni 4,000.

Jana kaingia dogo mpya, nimemwangalia kwa macho yangu. Kachimba chuma saa nzima, kapata vipande 32, kapeleka dukani kapewa 320. Akaenda mnadani akafungua bei ya sururu ya almasi, 14,000, akasimama pale pale kama dakika mbili hajasogea, halafu katoka. Hajarudi mpaka sasa naandika.

Nimefikiria kufuta kila kitu tuanze sifuri lakini kuna watu wamejenga mji mzima na bandari yake, roho inaniuma. Nikitoa zawadi za kura naogopa seva inashuka kwenye orodha. Mliowahi kupitia haya mlifanyaje?

Fundi_Redstone

Pole mkuu. Usifute kitu kwanza, kaa chini na kikokotoo. Kura tano kwa 1,000 ni 5,000 kwa mtu kwa siku, watu 40 ni 200,000, mwezi ni 6,000,000. Tuseme nusu tu ndo wanapiga kura, bado ni milioni tatu na hapo hajavunja mtu hata jiwe moja. Sasa jiulize hiyo milioni tatu inatokea wapi? Mnadani haitoki, inahama tu mfuko wa huyu kwenda mfuko wa yule. Almasi haijawa adimu, sarafu ndo zimejaa, na zimejaa kwa sababu wewe ndo benki kuu na kila kura unachapa noti mpya.

Na kingine, cheki duka la admini linanunua nini zaidi. Nitashangaa kama sio miwa. Nimeshatengeneza haya mashamba, unapanda mstari, nyuma unaweka pistoni na observer (kitofali kinachohisi mabadiliko), muwa ukirefuka unakatwa wenyewe, hopa inakusanya. Sanduku la pacha lina nafasi 54, kila nafasi inabeba 64, jumla 3,456. Kama unanunua muwa mmoja kwa 4 hiyo ni 13,824 kwa sanduku moja, mwenye shamba amelala nyumbani kwake na akaunti yake imesimama tu pale. Huyo dogo wako wa chuma anashindana na mtu aliyelala.

Michezo mikubwa imepigana na hili hili. Mchezo wa mtandaoni Old School RuneScape, soko lao la Grand Exchange lilikaa miaka bila kodi, Desemba 2021 wakaweka 1% kwa muuzaji, 2025 wakapandisha ikawa 2%, sarafu zinafutika, na sehemu wanazitumia kununua vifaa vilivyozidi sokoni na vyenyewe vinafutwa. Anza na hiyo, kodi mnadani.

KikokotoZ

Nakubaliana na hesabu ila kodi peke yake kwenye seva ya watu 40 haitoshi mkuu. Chukua mtu anauza almasi 10 kwa siku, 40,000, ukikata 2% umefuta 800. Zawadi ya kura ya mtu mmoja siku hiyo hiyo ni 5,000. Yaani unatoa maji kwa kijiko huku bomba liko wazi, na ukisema upandishe kodi ifike 20% watu wataanza kuuziana kwa kubadilishana masanduku nyumbani kwao, mnada unakufa.

Mimi ningegusa zawadi yenyewe imetengenezwa na nini. Zawadi ikiwa sarafu ni noti mpya, ikiwa ni kitu kinachotumika kikaisha haigusi bei. Kura moja mpe fataki za kurukia na Elytra (yale mabawa), au eneo la kulinda ardhi, au rangi ya jina kwa siku tatu. Kuna mchezo Path of Exile, umetoka 2013, wenyewe mwanzoni walikataa kabisa kuwa na dhahabu, pesa yao ni vijiwe ambavyo kila kimoja kina kazi ya kurekebisha silaha, ukikitumia kimeisha. Pesa inajimaliza yenyewe kwa sababu watu wanaihitaji kwa kazi nyingine. Sio lazima ufanye hivo ila ndo mawazo ya kuanzia.

Na Mending uiangalie, ule uchawi unaofanya kifaa kijirekebishe chenyewe kwa pointi za uzoefu. Kwenye survival kifaa kinatakiwa kichakae mtu arudi kununua, ila kwa Mending sururu haifi milele. Kama wanakijiji wa mchezo wanauza kitabu cha Mending kwa zumaridi chache kila mtu anacho, basi wachimbaji wako hawana wateja tena, kila aliyenunua mara moja amemaliza.

bahari_kuu

Mie naongea kama mchezaji, admini sijawahi kuwa. Nilikuwa seva moja (siitaji), nikitoka kazini naingia nakaa ufukweni navua samaki, nilipenda tu ile utulivu. Nilitaka Elytra, bei ilikuwa 300,000, nikavua wiki tatu nzima, kila jioni naweka kidogo kidogo. Nilipofikisha 280,000 wakaleta sherehe ya zawadi mara tatu kwa wikendi moja. Jumatatu Elytra 700,000. Kazi yangu ya wiki tatu ikawa haina maana na sikufanya kosa lolote, nimevua vile vile. Niliondoka siku hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu ninachokuomba, ukibadilisha bei au zawadi watangazie watu mapema, wiki mbili kabla, na usiwaletee tena zawadi mara tatu za kushtukiza. Anayeumia ni yule anayeweka akiba ya sarafu. Mwenye masanduku ya almasi haumii, bei ikipanda na yeye anapanda nayo.

jirani_wa_spawn

Kwani mkuu usiuze tu sarafu kwa M-Pesa, unalipia hosting na wenye haraka wanaridhika?

Fundi_Redstone

@jirani_wa_spawn hapana aisee. Mojang, wenye Minecraft, walishaweka wazi tangu 2014 kwamba usiuze kwa pesa halisi kitu kinachompa mchezaji nguvu kuliko mwenzake, mapambo ndo ruksa. Na hata bila sheria hiyo, pesa ya kununua ni noti mpya vile vile, tena mbaya zaidi. Angalia mchezo wa Diablo III, 2012 walitoka na soko la mnada mpaka la pesa halisi, tarehe 18 Machi 2014 wakalifunga wenyewe, kwa sababu watu walikuwa hawauwi tena mazimwi kutafuta vifaa, wanakaa sokoni tu. Mchezo wenyewe ulikuwa umehamia dukani.

@KikokotoZ kwenye kodi umenishika, nimepiga tena hesabu uko sahihi. Kodi iwe ya pembeni.

KikokotoZ

Pamoja mkuu. Kwa mwenye mada, kuna jambo moja zaidi. Andika. Kila Jumapili fungua /baltop (amri inayoonyesha nani ana sarafu ngapi na jumla ya seva), nakili jumla ya sarafu zote, bei ya almasi, bei ya Elytra na idadi ya wapya waliorudi siku ya pili. Mchezo wa EVE Online waliajiri mchumi mwenye shahada kabisa mwaka 2007, Eyjólfur Guðmundsson, na mpaka leo wanatoa ripoti ya kila mwezi pesa kiasi gani imeingia na kiasi gani imetoka. Wewe daftari linatosha, ila bila daftari utakuwa unabahatisha.

Na zile sarafu zilizokwisha kulala kwa matajiri, usiwanyang'anye, watachukia na wana haki. Wape kitu cha fahari wazitoe wenyewe. Yai la joka lipo moja tu kwenye dunia nzima, analo nani?

mchimba_usiku

Nimerudi wakuu, wiki tano zimepita, nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilitangaza wiki mbili kabla kama alivosema bahari_kuu. Kura sasa zinatoa fataki na eneo la kulinda ardhi, sarafu hamna hata moja. Zawadi ya kila siku nimeishusha, ukimaliza siku saba unapata 300. Duka la admini bei ya miwa inashuka kadri unavyouza siku hiyo, ukivuka sanduku mbili unapata karibu bure, na chuma nimekipandisha kutoka 10 mpaka 25 kwa sababu kinachimbwa na wapya, ila ni kwa wiki mbili za kwanza za mchezaji tu, wenye mashamba ya golemu yanayotoa chuma yenyewe wasije wakaingilia hapo. Mnadani kodi 3%.

Kura zimepungua, zilikuwa kama mia kwa siku sasa sabini hivi, seva imeshuka nafasi kadhaa. Mwenye shamba kubwa la miwa kakasirika kaondoka na wenzake wawili, tulijenga wote ile bandari na sijafurahia hata kidogo. Almasi jana iliuzwa 2,600.

Yai la joka lilikuwa kwangu kwenye sanduku la admini tangu joka liuawe mwaka jana. Nikaliweka mnadani Jumamosi saa mbili usiku, kila mtu kasimama uwanjani, bei inaandikwa kwenye chat. Ilianza 100,000. Mwisho walibaki wawili wanabishana mmoja Arusha mmoja Mombasa, likaenda 3,150,000 Mombasa. Nikazifuta sarafu hizo pale pale, nikafungua /baltop mbele yao wote wakaona namba imeshuka. Sasa amelijengea mnara juu ya mlima, usiku ukiwa baharini taa zake unaziona.

Jumapili hii naandika tena daftarini. @KikokotoZ Mending bado sijaigusa, wachimbaji wamenigawanyikia nusu kwa nusu, nitafungua mada yake.