Loji ikimkataa asiyemwamini Mungu: ni haki yake ama ni ubaguzi?

Jabali la Menengai (Nakuru): Wandugu, hili limenikaa kooni wiki nzima. Mwenzangu wa kazini aliomba kuingia loji, yaani tawi, la chama cha Frimasoni. Mazungumzo ya kwanza kabisa akaulizwa kama anamwamini Mungu aliye juu ya vyote. Hakuulizwa Mungu wa nani wala anasali wapi, maana mezani kwao Biblia, Kurani au Gita ya Wahindu zote zinakubalika, kila mmoja anaapia kitabu chake. Akasema ukweli: haamini. Mambo yakaishia hapo. Mimi naona wako sawa, chama ni chao. Yeye anasema amebaguliwa. Mnaonaje?

Fundi wa Kondele: Mtu amekataliwa na Frimasoni halafu ananung'unika? Si amshukuru Mungu! Lakini ndiyo shida yenyewe, hana wa kumshukuru 😂 Mmesahau tume ya Moi ya mambo ya kishetani, ile ya tisini na mbili?

Mwalimu Mstaafu: Ni 1994, kijana. Mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikafika bungeni 1999. Nilikuwa nafundisha wakati huo. Mzazi mmoja aliniletea daftari la hesabu lenye mchoro wa nyoka, nikamwonyesha kwamba ni namba 2 ya mwanawe.

Tukirudi kwa swali: Kanuni za Frimasoni alizoandika Anderson, zilizotoka London mwaka 1723, zinasema mwanachama anayeielewa sanaa yao hawezi kuwa mkana Mungu mpumbavu. Wafaransa wa Grand Orient, muungano wa loji za kwao, wakaondoa sharti la kumwamini Mungu mwaka 1877, na aliyelisimamia jambo hilo alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, Frédéric Desmons. Waingereza wakakataa kuwatambua, hadi leo. Mimi niko na huyo mchungaji. Ukimlazimisha mtu akiri ndipo aingie, umemfundisha uongo mlangoni.

Jabali la Menengai: Mwalimu, kuna wakali zaidi. Loji za Sweden na Norway hazitosheki na Mungu tu, lazima uwe Mkristo. Mbona hao hatuwasemi?

Mwana wa Kaimosi: Sisi Wafrendi (Quakers) tumekuwa Kaimosi tangu 1902 na mafundisho yetu hayaturuhusu kuapa. Ndiyo yako iwe ndiyo. Kwangu kumwamini Mungu si tatizo, tatizo ni hicho kiapo. Je, loji itamchukua mtu anayemwamini Mungu lakini haapi?

Fundi wa Kondele: Hakuna aliyekuuliza kuhusu kiapo, bana. Na wewe mwalimu, nani amesema mimi ni kijana? Nina wajukuu wawili.

Wakili wa Kando ya Ziwa: Katiba kifungu cha 32 kinasema mtu asizuiwe kuingia taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake. Kutoamini nako ni msimamo wa dhamiri. Huyo jamaa ana hoja.

Jabali la Menengai: Na kifungu cha 36 je? Uhuru wa kujumuika. Kesho utalazimisha Chama cha Wanaume Wakatoliki kiniandike mimi Mpresbiteri?

Mkatoliki Tu: Afadhali usitaje Wakatoliki. Roma ilisema 1983 na ikarudia 2023: muumini akijiunga na Frimasoni yuko katika dhambi nzito, asipokee komunyo. Kwa hiyo wao wanauliza kama una Mungu, na kanisa linauliza umewafuata kwa nini.

Fundi wa Kondele: Mnazungumza Ulaya, Ulaya. Hapa Kisumu hata chama cha matanga hatufungui bila sala, na fomu inataka barua ya mchungaji. Mbona hamlii? Lakini niseme ukweli, sala ni sala tu. Kuna wenye barua nzuri kabisa na Jumamosi kaburini hawaonekani. Wasabato, nawaheshimu, lakini koleo hamshiki. Mnatuma M-Pesa na aya ya Biblia.

Mama wa Nyalenda: Fundi. Rudia.

Mama wa Nyalenda: Nauliza tu, mwezi wa nane kwenu, nani alifika Jumamosi jua lilipotua na sufuria tatu za wali? Nani aliosha vyombo hadi saa nane usiku, mkono mmoja umeshika simu kwa sababu stima ilipotea? Wewe ulikuwa umelala kwenye hema na viatu vyako. Sabato tunaishika tangu Ijumaa jioni, na hilo mlijua mkituandika. Tupeni maziko ya Ijumaa muone nani atakuwa wa kwanza.

Fundi wa Kondele: Mama, sikukutaja wewe.

Mama wa Nyalenda: Ulitaja koleo. Mume wangu ndiye mwenye hilo koleo.

Mwana wa Kaimosi: 😂😂😂

Wakili wa Kando ya Ziwa: Na ile faini ya chama chenu, shilingi mia mbili kwa asiyefika maziko Jumamosi, mmeitoza Wasabato pia? Kama ndiyo, basi kifungu cha 32 ki...

Fundi wa Kondele: Wakili, chama chetu hakijasajiliwa. Kifungu kitatupata wapi?

Nyar Nyakach: Hiyo barua ya mchungaji mmeipita haraka, na ndiyo inayoniuma. Kijijini kwetu kuna mzee hajakanyaga kanisa tangu 1987, na kisa chake na mchungaji wa wakati huo kinajulikana na kila mtu. Huyo ndiye anayechimba makaburi. Anapima kwa kamba ya sisal yenye mafundo, kisha anashuka mwenyewe kuhakikisha upande wa kichwa umenyooka. Mwaka juzi chama kilipoanza kudai barua, akaambiwa hawezi kuwa mwanachama. Anawazika wote, na yeye hana wa kumzika.

Mwalimu Mstaafu: Huyo angeshindwa hata kwa Waingereza?

Nyar Nyakach: Mwalimu, Mungu anamwamini. Ni wachungaji asiowaamini. Fomu haikuwa na nafasi ya hilo.

Jabali la Menengai: Sasa hapo umenivuruga. Kwa loji nilikuwa nasema chama ni chao. Kwa huyu mzee nashindwa kusema hivyo, na sijui tofauti iko wapi. Labda ni kwa sababu loji mtu anaweza kuishi bila, kuzikwa hapana. Mwishowe aliandikwa?

Nyar Nyakach: Aliandikwa. Siku alipokataa kuchimba. Mwekahazina akaenda kwake na fomu usiku uleule, na mahali pa barua akaandika "anajulikana".

Mkatoliki Tu: Hiyo ndiyo barua.

Mama wa Nyalenda: Fundi, viti kumi na viwili vya plastiki bado viko kwako tangu mwezi wa nane.

Fundi wa Kondele: Kumi na kimoja.