Kupelekwa kuangalia ndege Mpwapwa jua la utosi na singeli juu: huu ni wizi

Wakuu, nimewaka, nivumilieni.

Kuna jamaa hapa Dodoma mjini wanauza safari za siku moja za "kuangalia ndege milimani". Siwataji, wanajijua. Laki moja na nusu kwa kichwa, usafiri na msosi ndani. Kwenye tangazo wameweka picha ya cherero wa ukosi wa njano, kasuku mdogo ambaye asili yake ni Tanzania tu, nikasema hawa wanaijua kazi. Kumbe picha wameokota mtandaoni.

Tuliambiwa stendi saa kumi na moja alfajiri. Gari limekuja saa mbili na nusu. Mbande tukasimama kwa ajili ya supu. Kongwa tukasimama tena, dereva ana mgonjwa wake wa kumjulia hali (!). Tunaanza kupanda milima ya Kiboriani, pale Mpwapwa, jua liko utosini. Hata mtoto anayechunga mbuzi anajua ndege wanaimba na kula alfajiri, joto likikaza wanajificha. Na huu ni mwezi wa nne! Keremkerem na wengine waliokuja kukwepa baridi ya Ulaya ndiyo wanarudi kwao. Ukiwakosa sasa, subiri mpaka mwisho wa mwaka.

Msituni kijana wao mmoja akawasha spika ya blututhi. Singeli. Namwomba azime, ananijibu, "Mzee, pori bila mziki linaboa." Ndege gani atakaa hapo?

Sasa huyo wanayemwita mwongozaji. Kila kidogo ni chiriku. Hondohondo kapita juu yetu, mbawa zinavuma, mdomo kama jembe, jamaa anasema kunguru wa porini. Nikamuuliza kwale wa Rubeho. Akacheka, "Kwale wamejaa hata Bahi."

Ndugu zangu, kwale huyo yuko milima ya Rubeho peke yake dunia nzima, na sehemu ya milima hiyo iko wilaya hii hii ya Mpwapwa! Wanasayansi walimwandika 2003, na 2005 wakamtenga kuwa spishi yake mwenyewe. Ndugu yake wa Udzungwa alijulikana 1991 baada ya watafiti kuona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga kambini. Sikutegemea kumwona, msitu wake si ule tuliokwenda. Lakini mtu anayekula hela kwa jina la ndege wa Mpwapwa awe hajawahi hata kumsikia?

Saa tisa tukageuza, eti dereva anaogopa tope. Hapo ndipo mawingu yalikuwa yamefunika jua na shore wameanza kulia tena.

Nimedai hela yangu, wananiambia watanipa ofa ya safari nyingine. Sitaki ofa. Mwenye kumfahamu mwanakijiji wa Wotta au Kibakwe anayewajua ndege kwa sauti aje inboksi, laki na nusu nyingine nampa yeye mkononi.