Shilingi 50,000: dhamana ya siku 91 DhowCSD, tokeni ya dola au tokeni ya dhahabu?

kibubu: Wakuu, nalinganisha pa kuweka shilingi 50,000 za Kenya: dhamana ya serikali ya siku 91 (unaikopesha serikali) kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya, au tokeni, yaani sarafu za kidijitali: USDY ya dola inayoegemea dhamana za serikali ya Marekani, au PAXG ya dhahabu. Tokeni zinavutia kwa kiingilio kidogo na kuuza saa yoyote. Hesabu inasemaje?

daftari: Kwa mfano tu, chukua riba ya 8%. Dhamana ya 50,000 unailipia kama 49,020, na baada ya siku 91 unalipwa 50,000. Faida 980, kodi ya zuio 15% inakula 147, unabaki na 833.

Upande wa pili, hizo 50,000 ni kama dola 385, na kwenye USDY, tuseme kwa riba ya 4%, kwa siku 91 hazizai hata dola 4. Na ili ufike huko unanunua USDT, tokeni nyingine ya dola, kwa P2P, yaani moja kwa moja kutoka kwa mtu mwingine. Pengo la bei likiwa 1.5% kuingia na 1.5% kutoka, dola 11 na ushee zimekwenda. Riba ya miezi tisa inaishia kufidia gharama, na ada ya mtandao hatujaigusa.

nanga: Nani anafuata hiyo 4%? Watu wanakimbia shilingi isiwaporomokee.

daftari: Sawa, lakini waliingia lini? Januari 2024 dola ilikaribia 160, katikati ya mwaka ikawa kama 130. Aliyenunua kileleni alipoteza karibu 19% kwa shilingi, huku bondi ya miundombinu ya Februari 2024 ikilipa 18.46% bila kodi.

mizani: Mimi naanza na swali moja: nikishika tokeni, nadai nini kwa nani? PAXG moja ni wakia moja ya dhahabu, gramu 31.1, kwenye maghala ya London chini ya Paxos. Unaweza kununua kipande, ila kudai mche wa dhahabu wenyewe kunataka tokeni kama 430, kwa hiyo mdogo anatoka kwa kuuza tu. Tena iko kwenye mtandao wa Ethereum, ambako ada ya kutuma haijali unatuma dola 50 au 50,000.

BUIDL, tokeni ya dola ya kampuni ya uwekezaji BlackRock, sahau, kiingilio dola milioni 5.

Tokeni za nyumba ndizo zinazopumbaza zaidi. Kwa RealT, inayouza tokeni za nyumba za Detroit, Marekani, unashika hisa za kampuni yenye nyumba, hati ya nyumba huna. Julai 2025 jiji liliishtaki kwa hali mbovu ya nyumba zaidi ya 400. Soko linaweza kuwa wazi usiku kucha na mnunuzi asitokee.

nanga: DhowCSD nayo ina kisiki: ukitaka pesa kabla ya siku 91, Benki Kuu inainunua kwa riba ya adhabu, yaani kwa bei ya chini. Pesa ya dharura iende mfuko wa soko la fedha.

Na kiingilio kidogo peke yake hakivuti watu. M-Akiba, bondi ya serikali ya 2017, ilianzia shilingi 3,000, kwa simu, 10% bila kodi, na toleo la Juni lilipata kama robo tu ya bilioni 1 iliyotafutwa.

kibubu: Basi DhowCSD. Watu hukwama wapi?

daftari: Kwenye malipo. Mnada Alhamisi, Ijumaa ingia mwenyewe uone kama umepata na uchukue namba ya malipo, ulipe benki mapema Jumatatu. Lipa kiasi kilichoandikwa hapo, si 50,000 kamili. Ukipata halafu usilipe, unaweza kufungiwa minada ijayo.