Mwandishi aliyenichora adui amerudi kwa Batman. Nimsome au nimwache?

Karani wa Mwaloni | Jumamosi, 28 Novemba 2015

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii kila mtu anazungumzia mafagio ya tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru ambayo Rais Magufuli ametaka tufanye usafi, nami naleta habari za popo. Mnivumilie.

Mimi ni karani wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kazi yangu ni kuhesabu magunia yakishuka kutoka visiwani. Jumatano iliyopita mwezi ulikuwa mpevu, na mnaolijua ziwa mnajua maana yake: dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa, mitumbwi inalala mchangani, karani anakosa cha kuhesabu. Jumatano hiyohiyo, huko Marekani, likatoka toleo la kwanza la Dark Knight ya tatu, katuni ya Batman ya Mmarekani Frank Miller. Mpwa wangu, yuko kidato cha kwanza, kalipata kwenye simu (kalipataje, hayo ni yeye na Mola wake), akanijia mbio hadi kwenye mizani. "Anko! Mzee wako karudi!"

Sikufurahi, na ndiyo maana naandika.

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka kumi na minne. Pale Mlango Mmoja walikuwa wanamwaga vitabu vya mtumba juu ya turubai, kamusi, riwaya za mapenzi, vitabu vya mapishi ya Wazungu. Nilitoa shilingi 300 nikaondoka na kitabu cha katuni kisicho na jalada, kurasa za mwanzo zimechanika. Mimi nimelelewa na SANI, gazeti letu la katuni. Nilijua katuni ni Lodilofa na Ndumilakuwili, kitu cha kusoma huku unacheka na wenzako mmeinamia gazeti moja. Hii haikuwa ya kuchekesha. Jitu limezeeka, linapigana na kiongozi wa genge ndani ya tope, na huku linapigana linasema moyoni, sentensi fupifupi kama mtu anayehema. Nilikaa nayo mwezi mzima na kamusi. Walimu wangu wa Kiingereza wasinikasirikie, lakini Kiingereza changu kilitoka kwenye lile tope.

Kwa kuwa jalada halikuwepo, nilimjua mwandishi kwa sauti kabla ya kumjua kwa jina. Miaka kama miwili baadaye nilikuwa kwenye kafe ya intaneti nasoma Daredevil, katuni nyingine ya Kimarekani, nikasema ah, huyu si yule wa tope? Nikatafuta jina: Frank Miller. Ndiye! Na kile cha tope kilikuwa Dark Knight yake ya kwanza, ya 1986, lile jitu ni Batman mzee. Nilishangilia mpaka mwenye kafe akauliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Kisha ukaja 2011 na kitabu chake kinaitwa Holy Terror. Kilianza kama hadithi ya Batman kupambana na Al-Qaeda, mwenyewe alikitangaza hivyo mwaka 2006. Baadaye Batman akatolewa, akawekwa shujaa mwingine aliyefanana naye kama pacha, na kampuni nyingine ikakichapa. Nilikifungua usiku baada ya Isha, kofia bado iko kichwani. Nikatafuta humo Mwislamu mmoja tu anayefanana na maalimu wangu wa Mirongo, au na mama yangu, au na mimi. Sikumbuki kumwona. Na kilichoniuma hasa ni kwamba sauti ilikuwa ileile. Sentensi fupifupi, kama mtu anayehema. Sauti iliyonifundisha Kiingereza ilikuwa inanisema mimi.

Sikuchoma kitu, sikuandika popote. Nilizima kompyuta nikaenda kulala, na tangu siku ile sijamsoma.

Sasa karudi kwa Batman, na kijana anataka tusome pamoja. Siulizi kama apigwe marufuku, hayo si ya karani wa dagaa. Nauliza hivi: wenzangu mnafanyaje na mtu kama huyu? Na huyu mpwa nimwambie habari ya 2011 kabla hajasoma, au nimwache kwanza apate tope lake kama nilivyopata langu?

---

Popobawa_TZ | 28 Novemba 2015

Nimewahi siti ya mbele, karanga ninazo. Dagaa na Batman kwenye uzi mmoja, hii nchi ina mambo.

---

Fundi Wino | 28 Novemba 2015

Mkuu Karani, punguza presha, maana hilo jalada lina majina mengi. Hadithi kaandika pamoja na Brian Azzarello. Picha ni za Andy Kubert, wino ni wa Klaus Janson, yuleyule aliyepaka wino mwaka 1986. Miller kachora kile kijitabu kidogo cha Atom, shujaa mwingine, kilichobandikwa katikati. Kwa hiyo hata ukimsusia, utakuwa unawasusia na wengine.

Ila mimi nina ugomvi na mashabiki wote wanaosema mzee kaharibika 2011. Mlisoma ile ya 1986 mkiwa mmefumba jicho moja. Batman wa mwaka ule anavunja watu mifupa na haulizi hakimu. Superman kafanywa tarishi wa rais, na rais mwenyewe ni Reagan mtupu, rais wa Marekani wa miaka ile, kakunjwa makunyanzi usoni. Mambo yote yalikuwepo, mlikuwa mnashangilia tu kwa sababu aliyekuwa anapigwa hakuwa nyie. Ile ya pili ya 2001 mkasema rangi zinaumiza macho. Mwaka 2005 akaja na All Star, hadithi nyingine ya Batman, picha za Jim Lee, Batman anamfokea mtoto ambaye wazazi wake wameuawa usiku huohuo. Matoleo kumi yakatoka na hadithi haijaisha mpaka leo! Hapo ndipo mlipaswa kulia.

Halafu hii mpya inaitwa The Master Race. Hayo ni maneno ya Wanazi. Tusubiri tuone analenga nani, maana toleo la kwanza bado halijafungua gunia.

Mimi nitasoma. Hakuna anayechora mvua kama yeye.

---

Abuu Igoma | 28 Novemba 2015

Shehe, jibu unalo mkononi halafu unauliza liko wapi. Mtu kakutukana, kamtukana maalimu wako, leo kapika tena unauliza ukale? Na si Waislamu tu. Novemba hiyohiyo ya 2011 aliandika kuhusu vijana waliokuwa wanaandamana New York dhidi ya mabenki, akawaita wezi na wabakaji. Watoto wenye mahema na mabango!

Mvua ya kuchorwa naweza kuiona bure Igoma mwezi wa nne. Mpe kijana kitu kingine asome.

---

Mwalimu wa Ng'ambo | 28 Novemba 2015

Nafundisha kidato cha tatu upande wa Sengerema, na katuni nasomea kwenye kivuko cha Kamanga, kwa hiyo kila hadithi kwangu ina harufu ya dizeli.

Kaka Karani, nimekusoma mara mbili na pole yako naitoa kwa moyo. Lakini niruhusu nikuchokoze kidogo. Elektra, yule mwanamke muuaji, aliumbwa na Miller, Daredevil namba 168. Akauawa na Miller huyohuyo, namba 181, Aprili 1982. Nilipofika hapo nilikuwa katikati ya ziwa, nikajifanya upepo umeniingia machoni. Halafu 1987 akaandika upya mwanzo wa Batman, na Selina, Catwoman wetu, akamfanya kahaba. Wanawake wake wengi ni hivyo, ama wameshika kisu ama wanauza mwili, na wachache sana wanaopika chai wakawaza mambo yao. Sisi wanawake tumemsoma mwandishi asiyetuona tangu mwanzo, na tumempenda, na tumemlaani, siku moja, kivuko kimoja. Wewe umefika 2011. Karibu kwenye benchi, sogea hapa pana nafasi.

Na tusiishie Marekani. Katuni zetu wenyewe za magazetini, Msukuma akichorwa ni yupi? Ni yule mshamba mwenye fimbo anayeshangaa ghorofa. Tunacheka, na sisi ndio Wasukuma.

Kuhusu kijana: usimwambie kabla. Mimi darasani sianzi hadithi kwa kusoma kesi za msimulizi, watoto watasikiliza kesi tu. Wala usingoje mpaka amalize ampende kama ulivyompenda wewe, ukaja kumvunja. Mwambie akiwa katikati.

---

Karani wa Mwaloni | Jumapili, 29 Novemba 2015

Nimewasoma wote, asanteni.

Fundi Wino, umenipiga pabaya. Ni kweli. Superman kufanywa tarishi hakukuniudhi hata kidogo, nilicheka. Mimi si Superman. Vijana wa genge waliovunjwa mifupa nao nilicheka, mimi si Mmarekani wa mtaani. Ilibidi afike kwenye kofia yangu ndipo nisikie. Hiyo ni aibu yangu, naibeba.

Lakini sikubali kwamba ni kitu kilekile. Ile ya 1986 ina watu wanaombishia Batman kila ukurasa, kwenye televisheni, madaktari, majirani, mpaka polisi wenyewe. Msomaji unaachwa na wewe ubishe. Ile ya 2011 hakuna anayebisha. Mtu mmoja tu anasema, na aliye mbele yake ni wa kufa.

Abuu, nakuelewa, na nusu ya moyo wangu iko na wewe. Ila kumnyima kijana wa miaka kumi na minne kitu kilicho kwenye simu yake mwenyewe, labda wewe unaweza. Mimi siwezi.

Mwalimu, nimesogea.

---

Popobawa_TZ | 29 Novemba 2015

Karanga zimeisha. Nimenunua na mihogo.

---

Karani wa Mwaloni | Jumatano, 9 Desemba 2015, usiku

Wakuu, narudi kama nilivyoahidiana na Mwalimu kwenye ujumbe.

Leo tumefagia Mwaloni tangu asubuhi. Aliyewahi kufagia mahali panapoanikwa na kumwagwa dagaa miaka na miaka atanionea huruma. Kijana alikuja na fagio la mama yake, la ndani, lile laini. Nikamcheka. Saa nne likawa limebaki mpini.

Alikuwa ameshasoma toleo la kwanza mara tatu. Nami nilisoma, nakiri, juzi usiku chini ya neti. Kama hujasoma ruka aya hii. Batman anaonekana mtaani, anapiga polisi waliokuwa wanamfukuza kijana, mji mzima unasema karudi. Mwishoni polisi wanamzidi nguvu, wanamvua kinyago, na aliye chini ya kinyago si Bruce, Batman mwenyewe. Ni Carrie, yule binti aliyekuwa Robin, msaidizi wa Batman, kwenye ile ya 1986. Mpwa wangu hakuwa amesoma ile ya 1986, hakumjua, lakini aliruka. "Anko, kumbe ni dada!" Mwalimu, nilikukumbuka. Huyu kinyago kavaa, na amesimama mwenyewe. Kama mkono ni wa Miller au wa Azzarello, Fundi Wino atatuambia.

Basi tulipokaa kunywa uji kwenye kivuli cha boti, nikaona hapa ndipo katikati. Nikamwambia yote. 2003, turubai, tope, kafe, kofia. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akauliza kama anaweza kukiona hicho kitabu cha 2011. Nikasema sina. Dakika tano hazijaisha kakipata kwenye simu. Vijana hawa.

Akasoma kimya, kurasa kama ishirini, mkono mmoja una uji. Mimi nazungusha fagio nikijifanya sina habari naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: akasirike, alie, aseme anko tuache kabisa mambo ya Batman. Akainua uso, akaniangalia kichwani, akaangalia simu, akaniangalia tena.

"Sasa anko ulikasirika nini? Kofia zao hata hazifanani na yako."

Nilifungua mdomo nimjibu. Boti ya Ukerewe ikapiga honi, giza la mwezi limeanza, dagaa wameanza kuja, na kazi ya karani haingoji. Nimehesabu magunia mpaka jioni, na mara mbili nimekosea hesabu.

Tumekubaliana tutasoma toleo la pili kabla ya Krismasi, yeye atakuwa likizo na mimi mwezi utakuwa umeanza kung'aa tena. Na nikamwachia kile changu cha Mlango Mmoja, cha tope, ili amjue Carrie alikotoka.

Nimepita kwao sasa hivi kurudisha mpini wa fagio. Kimewekwa mezani, amekivika jalada la gazeti, kama tulivyokuwa tunavika madaftari zamani. Juu kaandika kwa kalamu ya buluu jina lake, na chini yake: Kidato cha I B.

---

Abuu Igoma | 9 Desemba 2015

Ukikipata akishamaliza, nipitishie na mimi hicho cha tope. Nitakiangalia tu.