Chupa ya nusu lita imenigombanisha na mwenye duka. Nyie mnafundishaje ujazo?

MwlMabawa
Habari za jioni wana jukwaa. Nafundisha Hisabati darasa la tatu hapa Tanga mjini, watoto 64 chumba kimoja. Wiki hii tumeingia vipimo vya ujazo, na niliapa mwaka huu sifundishi lita kwa chaki. Mwaka jana niliandika ubaoni "lita 1 = mililita 1,000", wakanakili wote, wakapata vema zao, halafu nikamuuliza mmoja ndoo ya kwao inachukua lita ngapi. Akanijibu mia mbili, wala hakusita.

Basi Jumanne kila mtoto akaja na chupa tupu ya maji ya nusu lita. Mimi nikaja na ndoo za lita 10, na jagi la plastiki lenye mistari nililoazima kwa jirani anayepika keki za oda. Tukatoka chini ya mwarobaini, makundi manane. Kabla ya kumwaga tone, kila kundi likisie: ndoo itakula chupa ngapi? Kelele zake! Wapo waliosema sita, yupo aliyesema mia.

Fitina ilianzia kwenye jagi. Nikawaambia chupa mbili za nusu lita ni lita moja, haya tazameni. Wakajaza chupa mpaka zinafurika, wakamimina mbili. Maji yakapita mstari wa lita moja, unene wa kidole cha mtoto. Wakarudia, yakapita tena. Mmoja wao, mwenye maneno huyo, akasema, "Mwalimu, jagi la keki bovu." Nikababaisha babaisha, kengele ikagonga. Sijawahi kuipenda kengele kama siku ile.

Kumbe bado. Jioni huyo huyo katumwa dukani mafuta ya kula, nusu lita ya kupima. Kufika nyumbani akayahamishia kwenye chupa yake ya darasani ahakiki. Hayakufika mdomoni. Akamwambia mama yake tunaibiwa, mwalimu katufundisha. Mama akajitanda kanga huyo dukani. Asubuhi mwenye duka yuko ofisini kwa mwalimu mkuu na kopo lake la kupimia mkononi, anauliza ni nani anayewaambia watoto kuwa yeye mwizi.

Sasa nauliza: jagi bovu, chupa mbovu, au mbovu ni mimi? Na nyie wenzangu mnatumia zana gani?

FundiMadumu
Mwalimu, pole, ila nimecheka. Jagi halina kosa. Nunua chupa mpya ya maji uitazame kabla hujagusa kizibo: maji yanakomea shingoni, juu pana hewa. Kiwandani hawajazi mpaka mdomoni. Nusu lita ni pale maji yalipokomea, si pale chupa inapoishia. Wanao walipofurisha waliongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula kila chupa, na chupa mbili zikakutoa nje ya mstari.

Mwenye duka naye, kwa ushahidi wa mtoto, yuko safi. Mafuta nusu lita kamili *hayatakiwi* kufika mdomoni.

Dawa yake: chupa mpya, maka peni, chora mstari maji yalipo, ndipo ufungue. Hiyo ndiyo chupa mama. Usinakili mstari kwa macho kwenye chupa za aina nyingine, maumbo yanatofautiana. Mimina kutoka kwa chupa mama, ndipo uchore.

BintiNgamiani
Mwalimu, mbona unakimbilia lita wakati watoto wa Tanga wana kipimo chao nyumbani? Waulize fitri ya Ramadhani inatolewa nini, watakwambia pishi. Pishi ni vibaba vinne, visaga viwili. Hapo umeshawafundisha mbili na nne bila chaki.

Bibi yangu alikuwa na kibaba cha mti, kimeng'aa kwa mikono. Akipima mchele anaupitishia kiganja juu, unalingana na mdomo: ndiyo kipimo cha mfuto. Jirani akija kukopa unga anajaziwa mpaka unafanya kichuguu, na akirudisha bibi anatazama kichuguu kimerudi au kimebaki njiani! Kwa hiyo ugomvi wako na mwenye duka ni wa zamani sana, kinachogombewa ni pale kipimo kinapoishia.

Wape watoto kibaba kimoja, kundi moja lijaze mchele kwa mfuto, jingine kwa kichuguu, wamimine kwenye bakuli zilizo sawa. Watauona mstari wa maka peni wenyewe kabla hujawaambia. Na maji yakikatika, mchele na mchanga mkavu vinafaa vile vile.

DukaLaKona
Mimi si mwalimu, nina duka. Njoo na watoto dukani (wasizidi kumi, tafadhali). Mizani ya sahani mbili: chupa tupu mbili zinazofanana, moja kila upande. Upande mmoja weka jiwe la nusu kilo pembeni ya chupa. Upande wa pili mimina maji kwenye chupa taratibu mpaka sahani zisimame sawa. Hapo hapo chora mstari. Maji nusu lita yana uzito wa nusu kilo, kwa hiyo mizani inakupa kipimo bila jagi la mtu.

Ila usijaribu hivyo kwa mafuta, utaniletea mama mwingine. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Nusu lita ya mafuta ya kula ina gramu kama 460. Kuna wateja wananunua lita, wanapima kilo kwao, wanarudi wamekunja uso.

MstaafuKKK
Nyongeza mbili. Wachuchumae. Jagi likae mezani na jicho lilingane na mstari, maana mtoto akisimama na kutazama kwa juu anasoma kisichokuwepo.

Pili, mimina maji yale yale kutoka chupa nyembamba kwenda beseni pana mbele yao, uulize wapi kuna mengi. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwafanyia watoto jaribio la namna hiyo, na wadogo wakashikilia kuwa kwenye chombo kirefu kuna mengi. Darasa la tatu wengi wameshavuka, ila hutakosa wawili watatu. Usiwasahihishe kwa mdomo. Warudishe maji kwenye chupa wenyewe.

MwlMabawa
Ahsanteni sana, wote mlionisaidia na mlionicheka. Mrejesho.

Nilinunua chupa mpya, nikachora mstari mbele yao nikiwa bado sijafungua. Nikamwita yule mwenye maneno, nikamwambia pima sasa. Akamimina mbili, akachuchumaa, akatazama jagi kwa muda kweli kweli. "Imegonga," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha makundi yakarudia ndoo. Siku ya kwanza majibu yalikuwa 18, 19, na kundi moja 23 (walikuwa wanamwagiana). Safari hii makundi sita yalipata 20, mawili 21 kwa yaliyomwagika. Maji tukamwagilia mchicha wa shule.

Wiki ijayo nataka boksi la manila, sentimita 10 kila upande, nitandike mfuko wa nailoni ndani. Kwa hesabu ni sentimita za ujazo 1,000, yaani lita moja. Nataka waone chupa mbili zinavyojaa boksi, maana wengi wanadhani ujazo wa boksi na ujazo wa maji ni mada mbili tofauti. Mabomba ya sindano ya mililita 10 nimeshapata duka la dawa, bila sindano, tuhesabu mia moja kufika lita. Atakayechoka atakuwa ameielewa mililita.

FundiMadumu
Na mama wa mafuta? Aliomba radhi dukani?

MwlMabawa
Hakwenda mwenyewe. Alimtuma mwanawe akanunue nusu lita nyingine, na chupa aliyopewa ilikuwa na mstari.